Chakula kinamkwama baba, na dawa za vidonda vya tumbo hazimsaidii

SWALI: "Baba yangu ana miaka 69, anaishi kijijini Kilimanjaro. Tangu mwezi wa kumi mwaka jana analalamika kwamba nyama na ugali vinamkwama kifuani, hadi anywe maji ndipo vishuke. Alipimwa akakutwa na pylori, akapewa dozi, na sasa ni mwezi wa nne anatumia omeprazole. Kiungulia kimepungua, lakini kukwama kumezidi. Siku hizi ni uji, ndizi za kuponda na supu tu. Alikuwa na kilo 71, sasa ana 62. Shangazi anasema kimeo kimeshuka, kikatwe. Kaka yangu ameona tangazo la kipimo kimoja cha damu kinachoonyesha saratani zote, anataka tuchange. Daktari wa kituo cha afya ametaja endoskopi, lakini baba hataki. Amesikia kwamba ukikatwa kinyama ugonjwa unasambaa, na anasema kwa umri wake asihangaishwe. Je, kipimo cha damu kinatosha? Na sisi watoto tupimwe?"

JIBU: Pole sana wewe na ndugu zako. Kumwona mzazi anasukuma sahani pembeni kila siku kunaumiza, hasa mzee aliyezoea kula vizuri. Naanza na majibu mafupi ili msipoteze wiki nyingine: kipimo cha damu hakitoshi, kimeo kisiguswe, na daktari wa kituo cha afya yuko sahihi. Baba anahitaji endoskopi, yaani kipimo cha kamera cha kuangalia ndani ya umio (bomba la chakula) na tumbo, na anaihitaji ndani ya siku chache zijazo. Msingoje dozi nyingine ya vidonge iishe kwanza.

Sijasema kwamba baba ana saratani. Hakuna anayeweza kusema hivyo bila kuona ndani na bila kinyama, yaani kipande kidogo kinachochukuliwa palipo na tatizo, kusomwa maabara. Lakini umeandika mambo matatu ambayo yakikutana kwa mtu mmoja hayaachwi: umri unaokaribia miaka 70, kukwama kunakozidi mwezi hadi mwezi kutoka vyakula vigumu kwenda vilaini, na kilo 9 zilizoondoka bila yeye kukusudia. Kilo 9 kati ya 71 ni zaidi ya asilimia 12 ya uzito wake. Madaktari huanza kushtuka mtu akipoteza asilimia 5 ndani ya miezi 6 hadi 12. Ugonjwa wa kwanza wa kuuthibitisha au kuuondoa hapa ni saratani ya umio. Kuna sababu nyingine ya kutosubiri: ukanda wa mashariki ya Afrika unaoanzia Ethiopia, ukapita Kenya, Tanzania na Malawi hadi kusini mwa bara, una wagonjwa wa saratani hii wengi kuliko sehemu kubwa ya dunia, na Kilimanjaro imo ndani yake, kama ilivyo Bomet kule Kenya.

Ili uelewe kwa nini haraka inahitajika, nieleze umio lenyewe. Ni bomba la misuli lenye urefu wa kama sentimita 25, linatoka kooni, linapita nyuma ya bomba la hewa na nyuma ya moyo, linatoboa kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, linaingia tumboni chini kidogo ya chembe cha moyo. Likiwa tupu limejibana. Tonge likiingia, linatanuka hadi sentimita 2 hivi na kulisukuma chini kwa mawimbi. Huo uwezo wa kutanuka ndio unaotuponza. Uvimbe ukiota upande mmoja wa ukuta, upande uliobaki unaendelea kutanuka na kupitisha chakula, na mtu hahisi kitu. Kwa kawaida nyama na ugali huanza kukwama pale nafasi iliyobaki inapofika milimita 13 hivi au chini yake. Kwa hiyo siku baba aliposema kwa mara ya kwanza kwamba nyama imemkwama, huenda tatizo lilikuwa na miezi mingi tayari. Baada ya hapo mwendo unafanana kwa wagonjwa wengi: kwanza nyama na ugali mkavu, halafu wali na mkate, halafu ndizi na viazi vya kuponda, halafu uji, na mwisho maji na mate yake mwenyewe. Baba yuko katikati ya ngazi hiyo.

Jambo jingine la umio ni kwamba halina ule utando wa nje unaofunika utumbo na viungo vingine vya tumboni. Uvimbe ukipenya ukuta wake unakuta moja kwa moja bomba la hewa, mshipa mkubwa wa damu na neva ya sauti. Ndiyo maana sauti kukwaruza bila mafua, kwikwi zisizoisha, au kikohozi kinachokuja kila anapokunywa maji ni dalili nzito kwa mtu mwenye tatizo la kumeza. Mwulizeni baba kama ana lolote kati ya hayo, na mwambieni daktari.

Sasa hii pylori. Bakteria huyu yumo tumboni mwa watu wazima wengi sana katika nchi zetu, na wengi wao hawaumwi chochote. Ukimpima mzee yeyote una nafasi kubwa ya kumkuta naye. Anasababisha vidonda vya tumbo na vya mwanzo wa utumbo, na kwa miaka mingi anaweza kuchangia saratani ya tumbo, kwa hiyo dozi aliyopewa haikuwa kosa. Kosa lilikuwa kudhani kwamba majibu hayo yameeleza kwa nini ugali unakwama. Vidonda vya tumbo huuma, huwaka, huleta kichefuchefu. Havizibi njia ya kifuani. Na omeprazole inapunguza tindikali tu, kwa hiyo imempunguzia kiungulia kama ilivyotarajiwa, huku kile kinachobana njia kikiendelea. Nafuu ya namna hii ndiyo inayochelewesha watu wengi: "angalau kiungulia kimepoa, tuongeze mwezi." Chakula kikimkwama mtu wa zaidi ya miaka 50, dawa ya tindikali isiandikwe kuchukua nafasi ya kamera.

Magonjwa mengine yanayoweza kuleta hali hii yapo, na baadhi yanatibika vizuri kabisa. Umio linaweza kusinyaa kwa kovu la miaka mingi ya kucheua tindikali. Misuli ya mlango wa chini wa umio inaweza kugoma kulegea, na hapo maji na chakula kigumu hukwama pamoja tangu mwanzo, kwa miaka, mgonjwa akicheua usiku chakula alichokula mchana. Utando wa fangasi unaweza kutanda ndani ya umio, hasa kinga ikiwa imeshuka, lakini huo huleta maumivu makali ya kumeza kuliko kukwama, na ndiyo sababu moja ya daktari kupima VVU hata kwa mzee. Mtu aliyepata kiharusi hushindwa kuanzisha kumeza: anapaliwa mara chakula kikiwa bado mdomoni au maji yakimtoka puani. Simulizi ya baba, kwamba kitu kinamezwa vizuri halafu kinasimama kifuani, na kwamba vigumu vilitangulia, inaashiria kitu kinachobana njia taratibu. Ni kamera itakayosema ni kovu au ni uvimbe.

Kuhusu kimeo, nakuomba uwe imara mbele ya shangazi, kwa heshima yake yote. Kimeo ni kile kinyama kidogo kinachoning'inia nyuma ya kaakaa, na hakikai njiani mwa chakula. Imani hii ina asili inayoeleweka: mtu ambaye njia imebana chini kabisa karibu na tumbo mara nyingi huonyesha kwa kidole shingoni, kwa sababu neva za umio hazijui kuelekeza mahali vizuri. Anaangaliwa kooni, kimeo kinaonekana kirefu, kinalaumiwa. Kukikata kwa wembe au mundu mdogo wa mganga kunaleta kutokwa damu nyingi, usaha shingoni, pepopunda, na hatari ya VVU na homa ya ini kifaa kikitumika kwa watu wengi. Na baada ya yote hayo ugali utaendelea kukwama palepale.

Kaka yako naye ana nia njema, ila hiyo pesa ya mchango ina kazi nyingine. Hakuna kipimo cha damu kinachothibitisha au kuondoa saratani ya umio. Vinavyotangazwa kwa kawaida ni vipimo vya protini zinazoitwa alama za uvimbe, kama CEA. Zinaweza kupanda kwa mvutaji sigara au mtu mwenye ugonjwa wa ini asiye na saratani, na zinaweza kuwa za kawaida kabisa kwa mtu mwenye uvimbe mkubwa. Ninachokiogopa zaidi ni hilo la pili. Karatasi ikirudi imeandikwa "kawaida", familia itafurahi, baba atasema "mmeona?", na miezi mitatu itapita. Damu ambayo inafaa kupimwa sasa ni ya kawaida ya hospitali: wingi wa damu, figo, chumvi za mwili, ini na sukari, ili ajulikane ana nguvu kiasi gani.

Endoskopi yenyewe mwelezeni baba hatua kwa hatua, kwa sababu wazee wengi wanaoikataa wanadhani ni upasuaji. Ni mpira laini wenye kamera na taa nchani, unene wake kama wa kidole kidogo cha mkono. Usiku wa kuamkia kipimo asile, na kwa kuwa chakula chake kinachelewa kushuka, siku nzima kabla yake ale vya majimaji tu. Njia ikiwa na mabaki ya chakula daktari haoni kitu na mgonjwa anaweza kupaliwa. Kwa kawaida huambiwa akae saa 6 hadi 8 bila chakula na saa 2 bila maji. Meno ya bandia yanatolewa. Koo linapuliziwa dawa ya ganzi chungu kidogo, na sehemu nyingine huongeza sindano ya kumtuliza. Analala ubavu wa kushoto, anang'ata kipete cha plastiki, anaambiwa ameze mara moja mpira unapopita, kisha apumue taratibu kwa pua. Atataka kutapika, machozi yatatoka, mate yaachwe yatiririke nje. Kazi nzima huchukua kama dakika 10. Hawezi kuzungumza wakati huo, lakini anapumua kawaida, na hilo mwambieni mapema kwa sababu hofu kubwa ya wengi ni kukosa pumzi. Akimaliza asile wala asinywe kwa kama saa moja, hadi ganzi iishe. Kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarin, au dawa za kisukari, zitajwe wakati wa kupanga siku na si akiwa kitandani.

Kama kuna uvimbe, daktari atapitisha koleo dogo ndani ya mpira uleule na kuchukua vipande 6 au zaidi, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mchele. Hakuna kisu kinachotoka nje, na umio halihisi kuchunwa huko. Wala hakusambazi ugonjwa. Imani hii imeenea kwa sababu wagonjwa wetu wengi hufika kwenye kinyama ugonjwa ukiwa umeshakwenda mbali, wakafariki miezi michache baadaye, na waliobaki wakaunganisha mambo mawili yaliyofuatana. Bila kinyama hakuna hospitali itakayoanza mionzi wala dawa za saratani, kwa sababu uvimbe wa umio, kovu na hata kifua kikuu vinaweza kufanana kwa macho. Ulizeni siku hiyohiyo majibu yatatoka lini, yatachukuliwa wapi, na nani atayafuatilia. Vinyama vingi vimekaa kwenye chupa kwa sababu kila mtu alidhani mwingine amevipeleka maabara.

Kwa Kilimanjaro, hospitali ya rufaa ya KCMC pale Moshi wanafanya endoskopi. Ukishindwa kupata nafasi ya karibu, picha ya eksirei anayopigwa akimeza dawa nyeupe ya bariamu inaweza kuonyesha palipobana, lakini haichukui kinyama, kwa hiyo ni njia ya kupata rufaa ya haraka na si mwisho wa safari. Ombeni rufaa iandikwe wazi: "kushindwa kumeza kunakozidi, amepoteza kilo 9." Maneno hayo yanamsogeza mbele kwenye foleni. "Vidonda vya tumbo sugu" yanamrudisha nyuma. Kama pesa ni kikwazo, nendeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla ya kukopa. Sera ya Tanzania inatoa msamaha wa matibabu kwa wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo katika vituo vya umma, ila mnahitaji barua ya serikali ya kijiji mkononi.

Sasa hili la umri, ambalo nadhani ndilo kiini cha kukataa kwake. Baba ana haki ya kuamua, na wengine mkubali hivyo. Lakini aamue akijua anachokikataa. Wazee wengi wanaposema "nisihangaishwe" wanamaanisha "nisipasuliwe, nisifie mbali, nisiwamalizie watoto mashamba." Ukimwambia kwamba kuna matibabu ambayo lengo lake ni yeye kuweza kumeza mtori na chai yake mpaka siku yake ifike, mazungumzo hubadilika. Kinachoamua matibabu ni nguvu zake kuliko miaka yake: anatembea mwenyewe hadi shambani? Anaoga na kuvaa bila msaada? Moyo na mapafu vikoje? Mzee wa miaka 69 anayefanya hayo yote ana njia nyingi kuliko kijana wa 45 aliyekwisha kulala kitandani.

Ikithibitika ni saratani, kinachofuata ni kujua imefika wapi, kwa CT skani ya kifua na tumbo, au angalau ultrasaundi ya ini na picha ya kifua. Ikiwa bado imejifunga ndani ya umio na mgonjwa ana nguvu, hulengwa kuponya: mionzi siku 5 kwa wiki kwa takriban wiki 5 pamoja na dawa za kemo, kisha upasuaji wa kutoa umio na kulivuta tumbo juu lishike nafasi yake. Upasuaji huo ni mkubwa, unagusa kifua na tumbo, na sitakuficha kwamba kwa mtu aliyekonda ni hatari. Kwa baadhi ya wazee mionzi na kemo peke yake ndiyo busara zaidi. Mionzi Tanzania inapatikana hospitali za Ocean Road, Dar es Salaam, na Bugando, Mwanza, miongoni mwa sehemu chache, kwa hiyo hesabuni pia mahali pa kulala kwa wiki zote hizo.

Wengi wanafika ugonjwa ukiwa umevuka hapo. Hata hivyo kuna kazi ya maana. Stenti ni bomba la wavu wa chuma linalopitishwa kwa mpira likiwa limekunjwa, kisha linaachiwa lijitanue palipobana. Hospitali ya Tenwek kule Bomet imewawekea maelfu ya wagonjwa. Mara nyingi mtu anakunywa siku hiyohiyo na kula vyakula laini kesho yake. Kifua kinauma siku chache za mwanzo, na dawa ya maumivu ya kweli itolewe. Stenti inaweza kuziba kwa pande la nyama, kuteleza, au kuotewa na uvimbe juu yake. Ikiwekwa chini kabisa karibu na tumbo, tindikali hupanda, kwa hiyo mgonjwa hulala ameinuliwa kichwa na kifua, na hapo omeprazole ndipo ina kazi. Mionzi ya muda mfupi nayo hufungua njia, polepole, kwa wiki kadhaa, lakini nafuu yake huwa inadumu zaidi. Asiyeweza kumeza hata mate anahitaji stenti kwanza. Ambaye bado anameza uji na ana muda mbele yake azungumze na daktari kuhusu mionzi. Mpira wa kulishia kupitia ukuta wa tumbo unasaidia kumrudishia mtu nguvu kabla ya matibabu makubwa, lakini kama hakuna matibabu yanayofuata, wengi wanachokitaka ni kuonja chakula, na mpira hauwapi hilo.

Na tafadhali msimfiche majibu. Familia nyingi humwomba daktari aseme "ni kidonda tu." Mzee anajua mwili wake. Akifichwa hawezi kuuliza, hawezi kupanga mambo yake, na anabaki peke yake na wasiwasi ndani ya nyumba iliyojaa watu. Mwulizeni kwanza anataka kujua kiasi gani, na nani awepo.

Wakati mnangoja, kazi kubwa ni kumlisha, maana mgonjwa aliyedhoofika hukosa matibabu ambayo angestahili. Tatizo la uji ni kwamba ukiwa mwepesi wa kupita unakuwa maji matupu, ukiwa mzito unakwama. Dawa yake mnayo hapo nyumbani: kimea cha ulezi, kilekile cha mbege, pombe yetu ya ndizi. Pikeni uji mzito kabisa kwa lita moja, uipueni, uache upoe hadi uweze kuuonja bila kuungua, kisha koroga kijiko kikubwa kimoja cha unga wa kimea. Ndani ya dakika chache utalegea na kuwa kama maziwa mazito, huku unga wote ukiwa bado umo. Urudisheni motoni uchemke tena. Kimea kikitiwa kwenye uji unaotokota hakifanyi kazi, kwa sababu moto unaua kile kinachoyeyusha wanga. Baadaye ongezeni maziwa, vijiko viwili vya karanga zilizosagwa laini kabisa na kijiko kikubwa cha mafuta ya kula, ambacho peke yake kina kama kalori 120. Mtori usagwe pamoja na nyama yake na kuchujwa, maana supu tupu ya mifupa inaridhisha macho kuliko mwili. Apewe kikombe kimoja kila baada ya saa mbili au tatu, akiwa amekaa wima, na asilale hadi nusu saa ipite. Ugali, nyama ya vipande, mkate mweupe na chapati viachwe kabisa kwa sasa. Msijaribu kumthibitishia kwamba anaweza.

Angalieni pia vidonge vyake. Kidonge kinachokwama kinaweza kuunguza umio. Doxycycline, dawa ya kuua bakteria, inajulikana kwa hilo. Lakini msisage ovyo. Kama anatumia nifedipine ya kutoa dawa taratibu kwa ajili ya presha, ikisagwa dozi nzima inaingia kwa mara moja na presha inaporomoka. Na kama anatumia dawa ya kisukari kama glibenclamide huku anakula nusu ya zamani, sukari inaweza kushuka ghafla, hasa usiku. Pelekeni vidonge vyote kwa mfamasia au daktari vikiwa kwenye mfuko mmoja.

Msisubiri tarehe ya rufaa akishindwa kumeza maji au mate yake, akitapika damu au kupata choo cheusi kama lami, akikohoa kila anapokunywa na homa juu yake, akiishiwa mkojo au kuchanganyikiwa. Hiyo ni dharura ya siku hiyo. Mtu ambaye hajapitisha kitu kwa siku 5 au zaidi asianze kubugizwa chakula nyumbani siku stenti inapowekwa. Mwili uliokauka ukijazwa ghafla, chumvi za damu huvurugika na moyo unaweza kusimama. Aanzishwe polepole hospitalini, na vitamini B1 itangulie.

Mwisho swali lako kuhusu ninyi watoto. Uchunguzi wa umio kwa watu wasio na dalili haufanywi kwa umma Tanzania wala Kenya. Katika baadhi ya maeneo ya China yenye ugonjwa mwingi unafanywa: kamera inapitishwa, umio linanyunyiziwa iodini, sehemu nzima inageuka kahawia kwa sababu seli zake zina akiba ya sukari, na seli zilizoanza kuharibika zinabaki zimepauka. Kinyama kinachukuliwa hapo palipopauka. Ikithibitika baba ana saratani hii, mwelezeni daktari bingwa idadi ya ndugu waliowahi kuugua, naye atawashauri kama kuna haja. Wengi wenu hamtahitaji kamera leo, ila yeyote ambaye chakula kitamkwama zaidi ya wiki mbili aende bila kujali umri, kwa sababu katika ukanda huu wapo wanaougua kabla ya miaka 40. Vipimo ambavyo vina faida iliyothibitika kwa mtu mzima asiye na dalili ni vingine: shingo ya kizazi na matiti kwa akina mama, utumbo mpana kuanzia kama miaka 45 au 50 pale kipimo kinapopatikana, na tezi dume kwa mwanamume aliyeelezwa faida na hasara zake.

Cha kubadilisha nyumbani ni sigara, ugoro na pombe kali, na kingine ambacho wengi hawakidhanii: moto wa chai. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani ya umio. Vipimo vilivyofanywa Kilimanjaro vilikuta watu wakianza kunywa chai ikiwa karibu na nyuzi 70. Chai yenyewe haina kosa. Ikimiminwa moja kwa moja kutoka kwenye chupa ya chai iliyojazwa ikitokota, iko juu ya kiwango hicho hata baada ya saa kadhaa. Iacheni kwenye kikombe kilicho wazi dakika 5 hadi 10, au mimineni kwenye kisahani, au ongezeni maziwa ya baridi. Ikiwa mtu anaivuta kwa midomo kwa kuogopa kuungua ulimi, bado haijafika wakati wa kunywewa.